Uzi wa Mwanga Uliopakwa Rangi ya Kucha

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni niliumalizia saluni kwa shangazi, mtaa wa Mabatini. Nilikuwa natengeneza uzi wa plastiki wa kupitisha mwanga. Unachonga mfereji mwembamba kwenye silikoni, unamimina gundi ya vioo vya simu, ile isiyokauka mpaka imulikwe kwa taa ya zambarau, unaimulika, kisha unaubandua uzi taratibu. Mwanga ukiingia upande mmoja unadunda kwenye kuta zake hadi utokee upande wa pili, mradi uzi uzungukwe na hewa tupu. Chuo hakikuwa na taa hiyo. Shangazi anayo, anakaushia kucha za wateja.

Nyuzi tisa niliziharibu. Wa kumi ulitoka safi, na saa nane mchana walimu wangenisubiri chuoni niuonyeshe. Mwanga usipotokea upande wa pili, narudia mwaka.

Hapo akapita bibi jirani, nikatoka kumsalimia. Mzee humpi shikamoo ukakimbia. Nikaulizwa habari za mama, za ng'ombe, za mjomba ambaye hata simpendi. Niliporudi ndani, shangazi alikuwa akipiga soga na mteja huku mkono ukijiendea wenyewe: uzi wangu ulishapakwa rangi nyekundu yenye chenga za kumetameta, mara mbili, na ulikuwa ndani ya taa.

“Shangazi! Umefanya nini?”

“Mwanangu, hapa kitu hakitoki tupu.”

Nililia, sioni haya kusema. Asetoni ya kufutia kucha ingeondoa rangi na kuila plastiki pamoja nayo, na muda wa kutengeneza mwingine haukuwepo.

Nikaenda nao hivyohivyo. Nilipowasha tochi, uzi wote ukawaka kama ukumbi wa harusi. Upande wa pili, giza.

“Mwanga umeishia wapi?” mwalimu akauliza.

Kwa hasira nikamwonyesha, chenga kwa chenga, rangi ilivyokalia mahali pa hewa, ikameza mwanga mwingine na kuutawanya mwingine nje. Nilifoka kana kwamba shangazi yuko mbele yangu. Walimu wakatazamana, wakasema anayejua hivi mwanga unavyopotea anajua pia unavyopita. Wakanipitisha.

Njia nzima nilipanga maneno ya kumkaripia shangazi. Nilipoingia tu, akaniwahi:

“Rangi haikubanduka?”

“Haikubanduka, shangazi.”

Akatabasamu kama aliyefaulu yeye. Nikakaa, nikampa mkono anipake.