Sigara ya Baada ya Dawa

Nimeishi na virusi vya Ukimwi miaka mingi, na kazi yangu katika kituo cha afya karibu na mji wa Sosiot ni kuzungumza na wenzangu wanaotumia dawa kama mimi. Kati yao kulikuwa na mzee mmoja mchuma majani chai, aliyetoka upande wa magharibi. Hakuwahi kukosa kliniki. Shida yake ilikuwa sigara. Kila asubuhi alimeza dawa, kisha akawasha moja.

"Dada, dawa inanikumbusha mimi ni mgonjwa," aliniambia. "Sigara inanisahaulisha."

Tulichagua siku ya kuacha. Akishameza dawa, badala ya kuvuta angeenda kuchota maji mtoni. Akamaliza wiki tatu bila moshi. Kisha mdogo wake akafariki, akaenda mazishini, akarudi kliniki akinuka tumbaku. Nami nikamwambia, mbele ya watu waliokaa kwenye benchi:

"Mzee, sisi tunahangaika uishi, na wewe unajichoma mapafu?"

Alikunja kadi yake ya kliniki, akaitia mfukoni.

Tarehe yake iliyofuata hakuja. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nilijua tembe zake zinakaribia kwisha, na hapo nikaingiwa na hofu. Nilitaka kumtoa kwenye sigara, na sasa nilikuwa nimemfukuza kwenye dawa.

Nilimkuta shambani, kikapu mgongoni. Aliponiona aliinama kama mtu aliyeangusha kitu. Sikumwita, maana wenzake hawakujua hali yake. Nilingoja kwenye kibanda cha kupimia majani hadi alipotoka peke yake.

"Umekuja kunigombeza?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Sikukupa hata pole ya msiba."

Alipangusa utomvu mweusi vidoleni.

"Niliona aibu kuja nikinuka," alisema.

"Njoo ukinuka, mzee. Lakini njoo."

Alikuja kesho yake, tembe zikiwa zimebaki mbili. Sigara haikumwachilia upesi. Alirudi kuvuta mara mbili tena, na kila mara alinieleza mwenyewe kabla sijauliza. Sasa ni mwaka wa pili hajavuta. Anasema anapanda mlima wa kwenda kwake bila kusimama kukohoa.

Mtu akiniambia leo kwamba amerudia sigara, namvutia kiti kwanza, nafunga mlango, halafu namuuliza nyumbani kuna nini.