Geti la Noreen

Ukiingia Tolliver kwa barabara ya vumbi, mtu wa kwanza kukulaki ni Kelvin Haddrick, na kama huna bahati ndiye atakayekuwa wa mwisho kukuaga. Utamkuta kando ya baa yetu na kofia lake pana, jino la mamba limechomekwa kwenye utepe. Mamba wa karibu yuko mwendo wa siku mbili kwa gari kutoka hapa. Jino lile alilinunua dukani pwani, nami nilikuwepo akipatana bei.

Mimi ni mpishi wa baa hiyo. Nimemkaangia Kelvin nyama na mayai tangu tungali vijana wote wawili, na sijamsikia akisema ahsante. Baba yake alikuwa mchunga ng'ombe wa kweli, mtu wa farasi. Mwanawe alipanda farasi mara moja, akaangushwa, akaamua kutafuta riziki kwa mdomo tu. Anapakia watalii kwenye gari lake, anawapeleka kuona korongo jekundu na dimbwi lisilokauka, kisha vimji vilivyokufa huko nyuma ya vilima, ambako limebaki bomba la moshi na makaburi. Kila mahali ana hadithi, na kila hadithi shujaa ni yeye.

Somo lake kubwa lilikuwa mageti yetu ya waya. Kwetu barabara hukatiza katikati ya ranchi za watu, na sheria ni moja, hata mtoto anaijua: geti uliache ulivyolikuta. Ukilikuta wazi, mwenyewe ana sababu yake. Anayekaa kando ya dereva ndiye hushuka kufungua na kufunga, na hapo ndipo Kelvin alipopata raha ya dunia. Alikaa zake kwenye kiyoyozi akiwatazama watu wazima wa mjini wakipigana na waya juani, akicheka mpaka kitambi kikatikisika.

Mwaka ule wa ukame Noreen Pascoe, mwenye ranchi ya korongo, aliuza karibu ng'ombe wake wote. Alibakiza majike wachache tu, uzao wa ng'ombe wa marehemu mama yake.

"Hawa wakiisha, na mimi nimekwisha hapa," aliniambia siku moja jikoni, akinisaidia kumenya viazi. "Nitafunga virago."

Angesema mtu mwingine ningemwambia aache kudeka. Noreen hajui kudeka.

Kisha pampu ya upande wa kaskazini ikafa, na maji yakabaki upande wa kusini peke yake. Noreen akafungua geti la kati ili ng'ombe waende kunywa wenyewe, naye akawa anasafiri siku chache kutafuta kifaa cha pampu. Kabla ya kuondoka alipitia baa. Kelvin alikuwa kaunta, amezungukwa na watalii.

"Kel, geti la kati nimeliacha wazi. Ng'ombe wanapita kwenda kunywa. Usiliguse."

"Sawa, Noreen, sawa," Kelvin akajibu bila kugeuka. "Basi jamani, lile mamba likafumbua domo, hivi..."

"Umenisikia, Kel?"

"Nimesikia, dada! Kwani mimi mgeni hapa? Nenda salama."

Kesho yake akapakia watu kwenda korongoni. Kiti cha mbele alikaa Coralie, mwanamke mtu mzima aliyestaafu udereva wa basi huko mjini Adelaide. Yaliyotokea getini nimeyapata kutoka kwake, na sioni sababu ya yeye kunidanganya.

"Liko wazi," Coralie alisema walipofika. "Si ulituambia tuliache tulivyolikuta?"

"Hilo wameliacha wajinga waliopita jana. Geti la Noreen halikai wazi hata siku moja. Nayajua mageti haya tangu sijaota meno. Shuka ulifunge."

"Una hakika?"

"Mama, wewe kazi yako ilikuwa basi. Ng'ombe niachie mimi."

Akashuka, akavuta waya juani mpaka viganja vikamchubuka. Wakaona korongo, wakapiga picha, wakaenda kulala kwenye vimji vile vilivyokufa, wakarudi Tolliver kwa njia nyingine. Joto la siku zile hata mainzi yalilikimbia yakajificha kivulini.

Noreen aliporudi aliwakuta ng'ombe wamelaliana kwenye geti. Walisukuma mpaka waya zikawapasua vifua. Hori la maji linaonekana kutoka pale walipoangukia.

Alikuja baa moja kwa moja, shati lina damu. Watalii walikuwa wanakula.

"Nani amefunga geti langu?"

Kelvin akawa wa kwanza kuruka. "Watalii hao! Mara ngapi nimesema hawa watu hawafundishiki?"

Coralie akaweka uma chini. "Ni mimi," akasema. "Nimelifunga mimi."

Tukamgeukia Kelvin, baa nzima. Neno moja tu lilikuwa linamngoja. Akainua glasi yake akanywa bia. Nimeona mbwa wakiiba nyama jikoni kwangu wakiwa na haya kuliko mtu yule.

"Dereva alikuwa nani?" Noreen akauliza. Kwetu anayeshuka getini ni mkono tu. Lawama ni ya aliyeshika usukani.

Coralie alitazama sahani yake. Noreen hakuhitaji jibu.

"Kel, wako wengine bado wanapumua, ila kusimama hawasimami tena. Kesho asubuhi njoo na bunduki unisaidie."

"Ah, kesho nina safari, Noreen. Watu wameshapanga. Ungesema mapema..."

"Nitakuja mimi," Coralie akasema.

"Umewahi kushika bunduki?"

"Sijawahi. Lakini naweza kukaa nao."

Tulikwenda sote watatu. Coralie alipiga magoti kwenye vumbi, akawashika vichwa mmoja baada ya mwingine, akiwasemesha taratibu, mpaka Noreen alipomaliza. Kelvin alikuwa kilimani na wageni wapya, akiwaonyesha mawe yanavyobadilika rangi.

Siku hizi hadithi hii anaisimulia yeye. Ndani yake kuna mtalii mpumbavu, kuna ng'ombe wanaolia, na kuna Kelvin aliyewahi kuwaokoa baadhi. Hufika mahali akafuta machozi, na watu wakamnunulia bia. Mimi namdharau mtu huyu kuliko ninavyoweza kusema, na bado namkaangia mayai, maana baa si yangu.

Noreen aliuza ranchi kwa watu wa mjini wasiofuga hata kuku. Siku ya kuondoka alishuka kwenye gari lake, akalifungua geti la kati, akaliacha wazi, kwa kuwa hakukuwa tena na kitu cha kuzuia. Juma lililofuata Kelvin akapita na watalii. Mmoja wao alinihadithia akiwa anangoja chakula, akicheka. Kelvin alisimamisha gari, akalitazama geti, akatikisa kichwa.

"Mnaona ujinga wa watalii?" akasema. "Mama, shuka ulifunge."