Mwezi wa Serikali

Jana magharibi, soko zima la Kariakoo tuliona duara jekundu angani. Lilizunguka, likasimama, kisha likatoweka. Leo asubuhi karani wa serikali akaja kubandika tangazo ukutani: "Mlichokiona ni mwezi."

Mama muuza tende akahesabu kwa vidole. "Leo ni funga ya ishirini na tano, baba. Lakini kama serikali imeuona mwezi, basi umeandama. Leo Idi, fungeni ofisi!"

Watu wakashangilia. Mimi nikamenya ndizi.

Karani akachomoa kalamu upesi, akafuta "mwezi", akaandika "ndege".

Ndege gani husimama angani? Sikuwa na nguvu ya kuuliza. Nimeshika ndizi iliyomenywa, na magharibi bado mbali.