Bastola Niliyoing'arisha

Nilifika Doha kwa kuzunguka. Basi kutoka Eldoret hadi Nairobi, siku tatu za kulala kwenye sakafu ya ofisi ya ajenti, ndege hadi Addis Ababa, saa kumi na moja za kukaa kwenye kiti cha chuma, kisha ndege nyingine. Kabla ya hapo nilikuwa nimeishi Mwanza, Kampala na Juba, nikajiona mtu wa kuzoea kila mahali. Tuliposhuka, hewa ya Agosti ilinipiga usoni nikadhani ni joto la injini. Nikangoja tuipite injini. Hatukuipita.

Mkataba wangu ulisema ulinzi wa hoteli. Pale uwanjani, mtu aliyeshika nakala ya pasipoti yangu aliniambia mimi ni dereva wa nyumba, mtaa wa Muaither. Sikuwahi kuuliza mabadiliko hayo yalifanyika wapi. Labda angani.

Mwenye nyumba alikuwa mwanajeshi mstaafu, mpole, mwenye goti bovu. Sote tulimwita Baba, kama wafanyakazi wa huko wanavyomwita mwenye nyumba. Ukuta mmoja wa majlisi yake, chumba cha kupokelea wageni, ulijaa silaha za kale: panga, majambia, bunduki za babu zao, zote zikiwa na vibali kwenye faili moja la kijani. Mwaka wangu wa tatu aligundua kwamba nilikuwa fundi wa baiskeli na cherehani kabla ya kuanza kuzurura. Asubuhi moja aliweka taulo la mtoto kwenye kiti cha gari, akalifunua. Nusura niruke nje kwa dirisha.

Ilikuwa bastola ya zamani ya kijeshi, ile aina yenye pipa dogo linalozunguka, la kutia risasi sita. Kutu ilikuwa imeila hadi ikafanana na mzizi uliong'olewa. Aliikunja ikafunguka katikati, akanionyesha matundu matupu, akanionyesha na ule msumari wa kugongea risasi, uliokatwa miaka mingi. Haingeweza kumuua hata nzi.

"Ilikuwa ya baba yangu," alisema. "Dada yangu anakuja baada ya wiki mbili. Macho yake yamekwisha. Anataka kuishika, na kutu itamchoma vidole. Toa kutu. Kutu tu."

"Kutu tu, Baba."

Siku iliyofuata akasafiri kwenda kutibiwa lile goti.

Nilifanyia kazi kwenye meza ya nyuma ya gereji, karibu na mlango wa jikoni. Mpishi wetu, mwanamke wa Machakos mwenye ulimi mkali, alichungulia.

"Ati hiyo ni nini? Bunduki? Na mimi nimesimama hapa na sufuria?"

"Haina risasi, dada."

"Hata nyoka akikufa mimi simshiki. Sogeza hiyo kitu, buda, kabla sijapiga nduru mpaka Lusail."

Kutu ilitoka kwa siku nne. Niliiloweka kwenye mafuta ya taa, nikaisugua taratibu kwa mswaki na sufu ya chuma. Chini yake chuma kilikuwa cheusi kama chungu cha zamani, kikiwa na mabaka. Hapo ndipo nilipoambiwa niishie.

Lakini mimi nilifundishwa kazi na mjomba wangu, na kwake baiskeli haikurudi kwa mwenyewe ikiwa na hata mkwaruzo mmoja. Mteja akiona madoa ya zamani, mjomba alisema, atajua ulilala kazini. Kurudisha kitu kiking'aa ndiyo heshima tuliyoijua. Na pale ubavuni mwa bastola, juu kidogo ya mpini, palikuwa na mikwaruzo mibaya: ndoana, na mistari miwili kando yake. Ilionekana kama kazi ya mtoto aliyeshika msumari. Niliisugua kwa msasa wa kwanza, haikutoka. Nikachukua msasa mkali zaidi. Nakumbuka nilivyoikasirikia. Ilinichukua asubuhi nzima, na ilipotoka nilipiga mluzi.

"Sasa hiyo ni kijiko," mpishi alisema, na alikuwa anasifu.

Baba alirudi siku ile ile aliyofika dada yake, bibi tuliyemwita Mama Kabir, aliyevaa barakoa ya kizamani ya wanawake wa huko na kutembea akishika ukuta. Niliitwa majlisini niilete mwenyewe. Nilisimama mlangoni kwa furaha ya mtu anayesubiri kupongezwa. Baba alifunua taulo. Uso wake haukubadilika, ulisimama tu. Kabla hajasema lolote, dada yake alikuwa ameshanyoosha mikono, naye akampa.

Bibi yule alipitisha kidole gumba ubavuni mwa bastola. Akakirudisha. Akaigeuza, akatafuta upande wa pili, akarudi wa kwanza. Kidole kilizunguka mahali pale pale, kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Kisha akasema kwa Kiarabu, na hilo nililielewa: "Iko wapi?"

Nikaikumbuka ile ndoana na mistari yake miwili.

Baba alinieleza bila kupaza sauti, na heri angepiga kelele. Kila ukoo wa huko una alama yake ya kuchomea ngamia. Baba yao hakujua kuandika, kwa hiyo aliichora alama hiyo kwa ncha ya msumari kwenye kila kitu chake. Vingine vyote vilikwisha kupotea.

"Nitaichora tena, Baba," nilisema. "Nitaichora ile ile."

"Mkono wa baba yangu unao wewe?"

Nikatoka. Mpishi alinipa chai, akarudi kwenye sufuria zake.

Sikufukuzwa. Nilimwendesha miezi mitano zaidi, na hakuligusia tena. Bastola haikutundikwa ukutani. Ni mimi niliyeshindwa: kila nikimtazama kwenye kioo cha gari nilikiona kile kidole kikizunguka. Niliomba kuondoka, akatia saini kibali changu cha kutoka nchini siku hiyo hiyo.

Asubuhi ya safari, sanduku likiwa tayari kwenye gari, niliambiwa Mama Kabir ananiita uani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, Baba kando yake akitafsiri.

"Anasema alama ya ukoo anaijua, wote tunaijua. Lakini baba yetu alivunjika kidole, na mstari wake mmoja ulipinda. Yeye anasema ulipinda kulia. Mimi nasema kushoto. Wewe ndiye wa mwisho kuuona."

Niliufikiria mkwaruzo ule. Nilikuwa nimeutazama kwa karibu asubuhi nzima, pua ikikaribia chuma, na sikuona chochote isipokuwa uchafu uliokataa kutoka. Sikukumbuka kama kulikuwa na mstari uliopinda. Walikuwa wakinisubiri, yeye ameelekeza uso kidogo pembeni ya mahali nilipokuwa.

"Kulia," nilisema.

Alicheka, akampiga kaka yake begani. Baba alinitazama machoni. Kisha akamwambia dereva mpya awashe gari.