Harufu ya Mvuje Jikoni

Shangazi alishasema: akija tena akamkuta mdogo wetu wa mwisho bado amekonda, ataondoka naye kwenda kwake Kipili, akale samaki wa ziwani. Hakusema kwa ubaya. Tangu mama alipomfuata baba kaburini, mimi niliacha shule nikawa mkubwa wa nyumba, na yule mdogo wa miaka saba karibu aliacha kula. Maharage aliyasukuma pembeni mwa sahani kama kokoto. Lakini mama alikuwa ameniomba tusitawanyike.

Nilikuwa napika kwenye nyumba ya masista, hapa Sumbawanga. Sista mmoja ametoka India ya kusini, na ndiye aliyenifundisha sambari: mbaazi zilizokobolewa zichemke mpaka zivurugike, halafu bilinganya, karoti, bamia na maji ya ukwaju. Mwisho kabisa ni mafuta ya moto yenye haradali na kipande kidogo cha mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali. Siku moja nilibeba iliyobaki kwenye kopo. Mdogo wetu alilamba mpaka mfuniko. Kuanzia hapo nikawa naipika nyumbani, na mvuje alinipa Sista, umefungwa kwenye karatasi.

Jumamosi ile Shangazi alifika ndiyo kwanza nimetia mvuje kwenye mafuta. Kwetu mvuje ni dawa. Mtoto mchanga hufungiwa mkononi kwenye kitambaa cheusi. Aliunusa tangu uani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mvuje wa nini? Mtoto ana degedege mnanificha?" Hakukaa. "Anua nguo zake. Naondoka naye."

"Ni mboga, Shangazi."

"Mboga ya mvuje! Mwanangu, unawapikia hirizi?"

Mdogo wetu akatokea mlangoni na sahani yake tayari mkononi. "Inanuka mwanzoni tu, Shangazi. Subiri."

Nikamimina mafuta kwenye sufuria. Yakalia chaaa, na ile harufu kali ikapoa, ikawa kama ya kitunguu kilichokaangwa vizuri. Nikasonga ugali wa ulezi.

Shangazi alichovya tonge lake ukingoni tu, kama mtu anayeonja dawa. Kisha akaacha kutazama chakula, akawa anamtazama mtoto. Mtoto alimaliza, akafuta sahani kwa kidole, akaomba tena.

"Ingekuwa na samaki," Shangazi akasema, "ingekuwa chakula." Akamega nusu ya ugali wake, akamwekea.

Baadaye aliniomba nimwonyeshe ule mvuje, akaunusa tena, akatikisa kichwa akicheka.

Kesho yake nilimsindikiza stendi. Kabla ya kupanda basi alinishika bega. "Ukwaju wako mkavu mno. Nitakutumia wa kwetu. Na dagaa, usinibishie."

Niliporudi nyumbani, nguo za mdogo wetu zilikuwa bado kwenye kamba. Jana hakuna aliyezianua.