Aliyesimama Nami Ngomeni

Mama aliniuliza swali kwenye barua, nami nikalikasirikia wiki nzima: "Mbona kila picha uko peke yako?" Nilikuwa nimeshamwandikia kwamba hapa Stockholm nina marafiki tele. Uongo mtupu. Ulikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, nasomea ufundi wa mitambo, nakaa Bredäng, pembeni mwa jiji, kwenye chumba ambacho mgeni wake pekee alikuwa fundi bomba.

Basi chuo kilipotangaza safari ya kwenda kutazama magofu ya ngome ya kale juu ya mlima, nilijiandikisha wa kwanza. Ngome haikunihusu. Nilitaka picha yenye watu. Nikaazima kamera, nikakaanga sambusa za kutosha basi zima, maana kwetu mtu hali peke yake safarini.

Tulipanda kwa miguu mpaka nikahema. Kule juu hapakuwa na paa wala mlango, kuta za mawe tu na upepo unaoingia utakavyo. Wenzangu wakatawanyika. Kila mmoja alichagua jiwe lake, akafungua mkate wake, akatafuna huku akitazama bonde. Nikapita na sambusa zangu. "Nej tack," hapana asante, wakasema kwa upole, mmoja baada ya mwingine. Wana chakula chao. Hawakuwa watu wabaya. Lakini iliniuma, na baada ya hapo niliona haya hata kuwaomba picha.

Nyuma ya ukuta alikuwepo bibi mmoja wa Kiswidi, si wa basi letu, amekaa na chupa yake ya kahawa. Alichukua sambusa mbili. Akala, akajifuta vidole, nami nikajikaza nikamwomba asimame nami. Dereva wa basi letu, aliyepanda nasi, akatupiga picha. Tulisimama tumeachana hatua nzima, kama watu wanaosubiri mabasi tofauti. Kisha akaniaga kwa kichwa, akateremka mlima.

Picha niliituma nyumbani. Nyuma yake niliandika: "Mimi na rafiki yangu."

Jibu lilichelewa. Mama alishukuru, akalisifu koti langu, halafu akaandika: "Huyo rafiki yako macho yake yananisumbua. Naona hana mtu. Usimwache, mwanangu. Mtembelee kila Jumapili, umpe na salamu zangu."

Nilikuwa sijamuuliza hata anakaa wapi. Jumapili iliyofuata nilikaanga sambusa, nikazila mwenyewe zote, kisha nikamwandikia mama kwamba rafiki yangu anamsalimu sana.