Jirani Ndani ya Kontra

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku mashine ya mawese ya Shangazi Generoza ilipovunjika, na aliyekuwa akiizungusha si yeye bali jirani yake, Mama Zaituni. Nilikuwa kijana. Tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania baada ya ukimbizi mrefu kambini, na diploma yangu ya biashara nilikuwa nimeisomea kwa jasho langu mwenyewe. Hapa Rumonge wenye diploma kama ile tulikuwa wachache. Sijisifu, waulize watu wa Gatete.

Shangazi aliuza shamba lake la Bugarama ili anunue mashine hiyo. Muuzaji wa Bujumbura alileta kontra, yaani mkataba, yenye garanti ya mwaka mmoja ya kutengenezewa mashine bure ikiharibika, kwa Kifaransa. Nikamfasiria Shangazi: dai la garanti linakubaliwa kwa kasoro ya kiwandani tu, iliyojitokeza mashine ikitumiwa na mnunuzi mwenyewe, na ambayo muuzaji ameiona kabla fundi mwingine hajaigusa.

"Mnunuzi mwenyewe? Na Mama Zaituni?"

"Yeye hayumo, Shangazi."

"Basi hata mimi simo. Tuliporudi, nani alitupa moto wa kupikia? Mashine ambayo jirani haigusi, huyo muuzaji airudishe kwao."

Nilikuwa tayari kumweleza mambo ya sheria. Nikamtazama usoni, nikachukua kalamu. Niliongeza kwamba mnunuzi ni pamoja na majirani anaowaruhusu kukamua chikichi zao.

Muuzaji akacheka. "Hii iko kontra ao harusi?" Lakini akatia saini.

Shafti, kile chuma kinachozunguka ndani ya mashine, likakatika kabla mwaka haujaisha. Mama Zaituni alikuwa akilia, chikichi zake zikianza kuchacha vikapuni. Kaka yake akaja na vifaa vya kuchomelea. Nikasimama mlangoni.

"Kaka, usiiguse. Ukiichomelea, garanti imekufa."

"Diploma yako itakamua mawese?"

Nikampigia muuzaji simu palepale. Wanawake wa mtaa wakaleta vinu, wakatwanga chikichi za Mama Zaituni kama zamani, huku wakinitania kwamba msomi hajui kushika mchi. Kweli, sikujua.

Muuzaji alipofika, aliuliza kwanza, "Nani alikuwa anakamua?"

"Ni mimi," akasema Mama Zaituni, macho chini.

"Ah, basi imekwisha."

Nikafungua kontra, nikaweka kidole pale nilipoandika. Akasoma. Akaligeuza lile shafti: ndani ya chuma palikuwa na ufa wa tangu kiwandani, umeshika kutu.

"Wewe mutoto wa kambini, nani alikufundisha hivi?"

"Kambi yenyewe, muzee."

Akaleta shafti jipya. Mama Zaituni akamshika Shangazi mkono. "Kumbe nilikuwa ndani ya kontra, na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Uko jirani."

Mwanangu, ukipewa garanti, usitazame muda wake tu. Uliza dai ni nini, nani anaruhusiwa kudai, kasoro gani inakubaliwa, na ufanye nini chombo kikiharibika. Kisha pima maneno hayo na maisha yako unavyoyaishi kweli. Ukiona watu unaokula nao wameachwa nje, waingize kabla ya kutia saini; baada ya hapo hata mimi sitakusaidia.

Mungu akupe macho ya kusoma hadi mstari wa mwisho, na asikunyime watu wa kuandika ndani.